Safu ya Maoni

"Haya, wadudu wako wameshaogelea?"

Mama aliuliza hivyo kila asubuhi, kikombe mkononi, mgongo kaupa dirisha la jikoni, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama nguo zimekauka. Na kila asubuhi bintiye alijibu vilevile: "Bado, mama." Miezi saba! Mtu mzima, mwenye shahada tatu na mvi mbili alizozipata kwa shahada ya tatu, kila siku anamripotia mama yake kwamba wadudu bado hawajaogelea. Jumatatu hiyo hakujibu. Alivaa viatu akiwa amesimama kwa mguu mmoja, akachukua mkoba, akatoka na kuubamiza mlango.

"Mlango haujakukosea kitu!" mama akapaza sauti kutoka ndani.

Kazini walimwita Bi Mahesabu. Hakulichukia jina hilo, kwa sababu mahesabu ndiyo yaliyomtoa darasani, alikokuwa mwalimu kwa miaka sita, kazi ya kudumu, na kumleta ghorofa ya nne ya jengo la utafiti, kazi isiyodumu. Mama alimwambia wakati ule, "Unaacha watoto wa watu ukafundishe wadudu?" Akacheka. Siku hizi hacheki.

Kazi yenyewe ukiieleza haraka haraka inaonekana mzaha. Bakteria mmoja akiwa peke yake kwenye tone la maji huenda zake tu, mara kushoto mara kulia, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Lakini wakijazana, maelfu kwa maelfu, wakabanana bega kwa bega, hapo mambo hugeuka. Kila mmoja hupiga maji kwa mikia yake. Maji yale humsukuma jirani, jirani naye humgeuza jirani yake, na punde si punde kundi zima linakwenda pamoja, linakata kona pamoja, linazunguka na kufanya vimbunga vidogo vidogo ambavyo hakuna aliyeviamuru. Bi Mahesabu alikuwa amelitengeneza kundi hilo ndani ya kompyuta: vijiti elfu thelathini, kila kijiti na kasi yake, kila kijiti kikiwasikiliza majirani zake wa karibu tu. Walikiita kielelezo. Ukikianzisha, baada ya dakika mbili vijiti vinaanza kujipanga, vinageuka, vinazunguka, raha tupu kutazama. Siku ya kwanza kilipokubali kufanya kazi, alijifungia chooni akalia kwa furaha.

Haya, sasa nenda ukawatazame bakteria wenyewe, wale wa kweli, kwenye video zinazotoka chumba cha darubini kule chini. Wamelala! Wamejazana vizuri, ndiyo, wako wengi kama inavyotakiwa, lakini wamelala. Mmoja huku anatikisika, mwingine kule anatikisika, basi. Hakuna kimbunga, hakuna kundi, hakuna lolote. Ungedhani wamegoma.

Na kielelezo kisipofanana na video, video hailaumiwi. Analaumiwa mwenye kielelezo. Kwa hiyo kwa miezi saba Bi Mahesabu alikuwa akikirekebisha kielelezo chake kizuri ili kilale kama wale waliolala. Alianza na vigezo viwili tu, safi kabisa. Akaongeza kigezo cha msuguano. Akaongeza cha uchovu. Akaongeza kimoja alichokiita ukaidi, akasema hicho ni cha muda tu. Sasa vigezo vilikuwa thelathini na kimoja, na cha mwisho alikipa jina la "liwalo na liwe". Akikigusa kimoja, kingine kinaharibika. Siku moja tu, sampuli ya sitini na tatu, bakteria walionekana kama wanazunguka kidogo, na yeye akaangalia namba, akaona zimepishana mno na za siku nyingine zote, akaifuta kwenye hesabu zake. Kosa la kupima, aliandika, akaendelea na msuguano wake.

Jumatatu hiyo, basi, aliingia ofisini mlango ukiwa bado unamwuma moyoni, akakuta Profesa anamsubiri. Fundi wa darubini naye alikuwepo, amesimama karibu na kabati, mikono nyuma.

"Awamu ya pili imepitishwa," Profesa alisema. "Miaka mitatu. Lakini wametupa nafasi moja, si mbili. Mmoja wenu atabaki na mimi, mwingine hapana."

Akawatazama mmoja mmoja.

"Sasa mimi sitaki kupiga kura wala kupendelea. Miezi saba nasikia nyimbo mbili. Huyu anasema sampuli ni mbovu. Huyu hasemi kitu, kwa hiyo nadhani anaona kielelezo ndicho kibovu. Ijumaa saa nne mtaniambia kasoro iko wapi. Mwenye kasoro atafungasha."

Na Profesa akisema, amesema. Mwaka juzi alitangaza kwamba vikombe vichafu vikikutwa tena kwenye sinki, vikombe vyote vitafungiwa kabatini mwaka mzima. Kikakutwa kimoja. Kikawa chake mwenyewe. Alivifungia vyote, na mwaka mzima akanywa chai kwenye chupa ya maabara yenye mistari ya kupimia, hataki utani wala huruma.

Fundi aliitikia kwa kichwa, akashuka ngazi taratibu na ndala zake, pwata, pwata, pwata, ghorofa zote nne. Bi Mahesabu alibaki anaitazama skrini na damu inamchemka. Nafasi ile ya ualimu ilishapata mtu mwingine. Akikosa hii hana pa kurudi, isipokuwa jikoni kwa mama, kujibu habari za wadudu.

Na tuseme ukweli, Fundi alikuwa anamchosha. Alikuwa mtu wa makamo, miaka ishirini na zaidi kwenye chumba kile kimoja, mpole mpaka anaudhi. Mwanzoni kabisa, wiki ya kwanza, Bi Mahesabu alishuka chini mwenyewe akamwandikia maelekezo kwa mkono, hatua tisa, akayabandika kwenye mlango wa kabati ili pasiwe na kisingizio. Baada ya hapo Fundi akawa anapanda ghorofa nne kila mara kuja kusema neno. Anabisha hodi, anahema, anaanza, "Bi Mahesabu, samahani, wale wadudu..." na kila mara anamkuta katikati ya hesabu inayohitaji utulivu. Mara ya nne uvumilivu ukamwisha.

"Fundi, nakuomba. Ukiwa na neno, liandike kwenye faili la sampuli. Mwisho kuna safu ya maoni. Andika hapo, mimi nasoma kila kitu."

"Kila kitu?"

"Kila kitu, Fundi."

Hakupanda tena. Raha iliyoje! Kila siku faili lilikuja kwa wakati wake, sampuli mpya imeongezwa chini ya zile za nyuma, namba zimejazwa vizuri, na Fundi kimya. Ni kimya hicho ndicho Bi Mahesabu alichokuja kukitilia shaka. Mtu asiyelalamika miezi saba ana jambo anaficha. Alishajiaminisha kwamba Fundi anaruka hatua, hasa hatua ya saba, ile ya kuwatikisa bakteria kwenye mashine ili wasigandane. Mabonge yalikuwa adui yake mkubwa. Programu yake ikikuta bonge, inalihesabu kuwa ni bakteria mmoja mnene. Ndiyo maana hatua ya saba aliipigia mstari mara mbili: TIKISA KWA NGUVU ZOTE, DAKIKA TATU. SITAKI MABONGE.

Jumanne nzima aliimaliza kwenye vigezo vyake. Jioni, kabla jua halijazama, alikuwa mezani nyumbani, kichwa mikononi, sahani haijaguswa.

"Huyo anayewatayarisha hao wadudu," mama alisema, "umewahi kwenda kumtazama?"

"Nilimwandikia maelekezo, mama."

"Sikukuuliza kama ulimwandikia."

"Mama, mimi ni mtu wa mahesabu. Kule chini kuna mtu wake. Kila mtu na kazi yake."

"Haya. Kaa hapo uongee na sahani."

Maneno ya mama yana tabia ya kuudhi kwanza, kisha hayatoki masikioni. Jumatano asubuhi Bi Mahesabu aliamka ameshakata shauri. Ataenda, ndiyo, tena ataenda na simu. Atamrekodi Fundi tangu mwanzo mpaka mwisho, na pale atakaporuka hatua, basi. Ushahidi huo utawekwa mezani Ijumaa, na kila mtu atauona kwa macho yake.

Chumba cha darubini kilikuwa na baridi na harufu ya spiriti. Karatasi yake ilikuwa palepale kwenye mlango wa kabati, imefunikwa plastiki isilowe, pembe nne zimebandikwa gundi mpya. Fundi alikuwa anapanga vichupa.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Karibu. Umepotea."

"Nimekuja kukutazama unavyofanya kazi. Nitarekodi."

Fundi aliitazama simu. "Unarekodi sasa hivi?"

"Sasa hivi."

"Basi ngoja nivae glavu nyingine, hizi zimetoboka. Isije ikaonekana."

Akavaa. Kisha akaanza, na Bi Mahesabu akawa anasoma karatasi kwa jicho moja na kumtazama kwa jicho jingine. Hatua ya kwanza, sawasawa. Ya pili, sawasawa. Ya tatu alipima mara mbili, jambo ambalo hata hakuambiwa. Ya nne, ya tano, ya sita. Bi Mahesabu alianza kuona aibu kidogo, lakini akajipa moyo: hatua ya saba inakuja, hapo ndipo atakapomnasa. Fundi akakishika kichupa, akakiweka kwenye mashine ya kutikisa, akaifungulia mpaka mwisho. Mashine ikanguruma, meza ikatetemeka, kalamu zikaanguka. Akasimama hapo anaitazama saa ya ukutani, dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakupunguza hata sekunde moja.

Akazima. Akamaliza ya nane na ya tisa, akaweka tone chini ya darubini. Kwenye skrini ndogo bakteria walijitokeza kwa maelfu, wamelala.

Bi Mahesabu alizima simu. Alikuwa amekasirika sasa kuliko alivyokuja, maana hana wa kumkasirikia.

"Fundi, umefanya kila kitu kama nilivyoandika."

"Ndiyo."

"Sasa mbona hawaogelei?"

Fundi aligeuka akamtazama. "Unaniuliza mimi?"

"Si ndiyo! Nakuuliza wewe."

"Bi Mahesabu, mimi nimeshakujibu."

"Lini?"

"Kila siku," Fundi alisema. "Kwenye faili. Kama ulivyoniambia."

Lifti ilikuwa mbovu, kama kawaida yake. Alipanda ghorofa nne kwa miguu, hatua mbili mbili, na kila ghorofa alijiambia haiwezekani. Faili analisoma kila siku! Sampuli mia na kumi na moja, zote amezisoma! Ila alipofika ghorofa ya tatu alikumbuka kwamba halisomi yeye. Inalisoma programu. Yeye husoma kile ambacho programu imemletea.

Alikaa kitini akaifungua programu yake, akarudi mpaka kwenye mistari ya mwanzo kabisa, aliyoiandika wiki ya kwanza. Ulikuwepo. Mstari mmoja mfupi, alioandika siku ile programu ilipokuwa inaanguka kila ikikutana na neno mahali ilipotarajia namba. Alikuwa na haraka, akaiamuru hivi: safu yoyote yenye maneno, itupe. Ikatupa. Ilitii miezi saba bila kuuliza.

Akalifungua faili lenyewe, kwa mkono, bila programu, akasogea mpaka safu ya mwisho.

*Sampuli ya 1. Wametikiswa mno. Mikia imekatika, kwa hiyo hawawezi kuogelea. Wenyewe ni wazima.*

*Sampuli ya 2. Kama jana. Nashauri tusiwatikise, wageuzwe taratibu kwa mkono.*

*Sampuli ya 5. Mikia yao ni miembamba sana, haihimili mashine. Naomba ruhusa nijaribu bila hatua ya 7.*

*Sampuli ya 9. Samahani, umepata nafasi ya kusoma?*

*Sampuli ya 16. Mikia imekatika.*

*Sampuli ya 22. Najua una kazi nyingi.*

Jamani! Bi Mahesabu alihisi masikio yanawaka moto. Miezi saba anakipa kielelezo chake uchovu na ukaidi, kumbe viumbe wa watu wamekatwa mikia! Nani anaogelea bila mkia? Na aliyewakata ni nani? Aliyepiga mstari mara mbili. Alifika sampuli ya arobaini akashindwa kuendelea, akalifunga faili, akashuka tena.

"Fundi," alisema mlangoni, pumzi zimemwishia, "kesho usitikise."

"Nisitikise kabisa?"

"Kabisa."

"Utaniandikia?" Fundi aliuliza. Hakuwa anafanya mzaha. Bi Mahesabu akachukua kalamu, akaikata hatua ya saba kwa mkono wake mwenyewe, juu ya plastiki.

Alhamisi saa tatu walisimama wawili mbele ya skrini ndogo. Fundi aliweka tone, akarekebisha mwanga, akasogea pembeni. Na wale bakteria, wale wavivu, wale wagomaji waliomzeesha mtoto wa watu, wakaanza. Kwanza mkondo mmoja upande wa kushoto, halafu mwingine ukaja ukaupinda, halafu skrini nzima ikawa inakwenda, vimbunga vinafunguka na kufungana, kundi linageuka kwa pamoja bila kiongozi. Palikuwa na mabonge mawili matatu, kweli. Mabonge ambayo programu ingeweza kuyaruka kwa mstari mmoja tu.

Bi Mahesabu alipiga ukelele uliosikika mpaka ukumbini. Alipanda juu akakifukua kielelezo chake cha kwanza, chenye vigezo viwili, akakilinganisha na video ya asubuhi ile. Upana wa vimbunga, sawa. Kasi, sawa. Muda wa kugeuka, sawasawa kabisa! Kilikuwa sahihi tangu siku aliyolia chooni. Vigezo ishirini na tisa vilivyofuata vilikuwa takataka. Akavifuta vyote, "liwalo na liwe" mwishowe, kwa kidole kizito na moyo mweupe.

Alishuka kumpa Fundi habari. Fundi alitabasamu, tabasamu la kweli.

"Hongera sana. Kielelezo chako ni kizuri. Nilikuwa najua."

"Ulijuaje?"

"Nimewatazama hawa miaka ishirini. Vijiti vyako vinakata kona kama wao." Kisha akaanza kuvua glavu, kidole kimoja kimoja. "Basi leo nitaanza kukusanya vitu vyangu polepole. Si vingi."

"Vitu gani?"

"Profesa alisema mwenye kasoro atafungasha. Kielelezo hakina kasoro. Sampuli ndizo zilikuwa na kasoro, si ndiyo? Na sampuli ni zangu."

Alilisema bila kulalamika, kama anasoma kipimo. Bi Mahesabu aliaga akasema ana haraka, na haraka yenyewe hakuwa nayo.

Nyumbani mama alimwona tu anaingia. "Wadudu?"

"Wameogelea."

Mama akapiga kigelele mpaka jirani akafungua dirisha. Kisha akamtazama vizuri. "Na huo uso wa nini sasa? Miezi saba unanuna kwa sababu hawaogelei, leo wameogelea unanuna. Unataka wafanye nini, wakupikie?"

Bi Mahesabu akamweleza. Alieleza yote, mashine, mikia, mstari uliotupa maneno, na Fundi anayekusanya vitu vyake. "Na mama, nikisema kesho kwamba sampuli zilikuwa na kasoro, si uongo. Ni kweli tupu. Zilikuwa nayo."

"Basi sema."

"Lakini..."

"Lakini nini? Mimi ni mama wa wadudu? Wewe ndiye uliyesoma." Mama akageukia sinki akaanza kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Ijumaa saa nne kamili Profesa alikuwa kichwani pa meza, chupa yake ya chai mkononi. Mwaka wa vikombe ulishakwisha zamani, lakini alikuwa ameizoea. Fundi alikaa mwisho wa meza, amevaa shati la kola, ndala ameziacha, leo ana viatu. Bi Mahesabu aliwasha mashine ya kuonyeshea picha ukutani. Upande wa kushoto bakteria wa Alhamisi, upande wa kulia vijiti elfu thelathini. Wakazunguka pamoja, upande huu na upande huu, usingejua wa kweli ni wepi.

Profesa alisimama. Akausogelea ukuta. Akarudi nyuma, akausogelea tena.

"Kielelezo hiki ni cha lini?"

"Ni kile cha mwanzo. Sikukigusa."

"Kumbe!" Profesa akapiga meza, chai ikaruka. "Kumbe kielelezo kilikuwa kizima wakati wote! Basi sampuli ndizo zilikuwa mbovu." Akamgeukia Fundi, na furaha yote ikamtoka usoni, maana alimpenda Fundi. "Miezi saba, Fundi. Kwa nini hukusema?"

Fundi alitazama mikono yake. Bi Mahesabu akaelewa kwamba hatasema. Pale pale alikuwa ameshashinda. Angekaa tu kimya, kama Fundi. Miaka mitatu, kazi, mshahara, mama kunyamaza. Kimya kidogo tu, hata dakika haijai.

"Profesa," alisema, na sauti yake ilimkera mwenyewe kwa jinsi ilivyokuwa nyembamba, "kuna faili moja bado."

Alilifungua ukutani, akalisogeza mpaka safu ya mwisho, akaanza kusoma kwa sauti. Wametikiswa mno, mikia imekatika. Nashauri tusiwatikise. Naomba ruhusa. Samahani, umepata nafasi ya kusoma? Alisoma moja baada ya nyingine bila kuruka, na katikati akaeleza kwamba kutikisa lilikuwa agizo lake, kwamba yeye ndiye aliyemkataza Fundi kupanda ngazi, na kwamba programu yake ndiyo iliyotupa maneno haya yote. Akapita ya arobaini, alipoishia Jumatano. Akapita ya hamsini. Akaingia kwenye zile ambazo hajawahi kuziona.

"Sampuli ya sitini na tatu," alisoma. "Umeme ulikatika, mashine haikufanya kazi. Nimewageuza kwa mkono. Wanaogelea. Wanazunguka vizuri sana, kama..."

Hapo akairudia namba kwa macho. Sitini na tatu. Kosa la kupima. Aliifuta mwenyewe, kwa kidole hikihiki, akiwa anakula biskuti.

"Kama vijiti vyako," Fundi alimalizia, bila kutazama ukutani. "Tafadhali angalia."

Baada ya hapo, kwenye ukuta, kuanzia sitini na nne kwenda chini, maoni yalikuwa yaleyale: *Umeme umerudi. Nimetikisa kama maelekezo. Nimetikisa kama maelekezo. Nimetikisa kama maelekezo.*

Profesa alivua miwani. "Nakala ya faili hili huwa naletewa nami?"

"Kila siku, Profesa," Fundi alisema kwa upole.

Profesa akasonya. Alijisonya mwenyewe, kwa nguvu, akaifuta miwani na tai yake muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji. "Nilisema mwenye kasoro atafungasha."

"Ulisema," Bi Mahesabu alijibu.

"Nimeshasema vitu vingi vya kipumbavu maishani mwangu, na hiki ni kimojawapo. Lakini nilikisema mbele ya watu wawili, na mmoja wao amesema ukweli akijua bei yake. Nikikigeuza sasa, nitakuwa nimemfanya mjinga." Akavaa miwani. "Nafasi ni ya Fundi. Wewe una mpaka mwisho wa mwezi uandike ulichokipata. Kielelezo ni chako, kitatoka kwa jina lako, na jina la Fundi litakuwa kando yake. Kuna anayepinga?"

Fundi alinyanyua mkono. "Mimi napinga."

"Umepingwa," Profesa alisema, akachukua chupa yake akatoka. Mlango ulibamizwa, na mlango haukuwa umemkosea kitu.

Saa saba mchana Bi Mahesabu alikuwa anapanga vitu kwenye boksi, ili mwisho wa mwezi usije ukamkuta hajajizoeza. Sweta. Chaja. Madaftari. Simu ikaita.

"Wadudu?" mama aliuliza.

"Wazima."

"Na wewe?"

"Unga umemwagika, mama."

Bi Mahesabu alimsikia mama anavuta kiti, anakaa. "Ulisema?"

"Nilisema yote."

"Haya." Sauti ya mama ilikwaruza kidogo, akakohoa. "Haya, njoo nyumbani. Na kikombe changu ulichokipeleka huko usikisahau, sikukupa, nilikuazima."

Alikuwa anakitafuta kikombe kile chini ya karatasi wakati kompyuta ilipolia. Faili la leo kutoka chumba cha darubini. Sampuli ya mia na kumi na nne. Mkono wake, kwa mazoea ya miezi saba, ulienda moja kwa moja kwenye programu, ukasimama hewani. Akaifunga programu. Akalifungua faili kwa mkono, akaziacha namba zote, akasogea mpaka safu ya mwisho.

*Hawakutikiswa. Wanazunguka vizuri sana. Tafadhali angalia.*

Akaliweka boksi chini, akashuka ghorofa nne kwenda kuangalia.